Ukurasa wa Sitini na Moja

Jumatatu, 3 Machi

Bosi ametangaza! Kitengo cha kiini kitapata mkuu. Jumanne ijayo, tarehe 11, wenye jengo la zahanati ya ghorofa sita watakuja kuona lifti yetu ya majaribio. Atakayeufanya mlango ufunguke, usubiri sekunde tatu, kisha ufunge kwa adabu, huyo ndiye mkuu.

Vitukuu wangu wakisoma haya wasije wakapotea, kwa hiyo naeleza. Tunatengeneza ubongo wa lifti. Mimi na mwenzangu tunaandika programu za kiini, yaani sehemu ya chini kabisa ya mfumo, inayozungumza na chuma moja kwa moja. Hatuandiki kila kitu wenyewe. Tunatumia maktaba: rundo la amri zilizokwisha andikwa na watu wa mbali tusiowajua. Kila amri imeelezwa kwenye mwongozo. Mwongozo huo nimeuchapa wote, kurasa 412, na kuutia jalada gumu jeusi. Natembea nao. Ofisini wananiita Bwana Mwongozo. Nadhani ni heshima.

Mwenzangu wanamwita Bi Chanzo. Hasomi mwongozo hata kwa bahati mbaya. Anasoma msimbo wenyewe wa maktaba, mstari kwa mstari, huku anatafuna karanga. Anasema mwongozo unakueleza mwandishi alitaka nini, msimbo unakueleza alifanya nini. Maneno ya kujidai.

Kando ya lifti ya majaribio kuna daftari limening'inizwa kwa kamba kwenye msumari. Linaitwa Daftari la Uongo. Ni desturi ya ofisi yetu: ukigundua mahali mwongozo unasema hili na maktaba inafanya lile, unaandika ukurasa, tarehe na sahihi. Mpaka leo umeandikwa uongo thelathini na saba. Thelathini na sita ni wa Bi Chanzo. Mmoja ni wangu, nao umefutwa. Nilikuwa nimesoma ukurasa usio wenyewe.

Sasa shida yangu. Wiki mbili zilizopita mke wangu alikuwa akinisimulia cheo kipya cha mume wa dada yake. Alisimulia chai ikapoa. Nikamwambia hata mimi nimeshapandishwa, ni mkuu wa kitengo. Mdomo! Kitengo chenyewe hakikuwa na mkuu, kwa hiyo sikumdhulumu mtu. Lakini mke wangu amemwambia mama yake, na mama mkwe anakuja Jumamosi kunipa hongera.

Kwa hiyo hesabu ni rahisi. Nina siku nane za kuugeuza uongo wangu uwe kweli. Mwongozo ninao. Nitashindwaje?

Jumanne, 4 Machi

Nimeandika programu ya mlango. Mistari kumi na tisa, safi kama sahani ya mgeni. Ukurasa wa 61 unasema wazi: amri ya kusubiri hupewa namba, na namba hiyo ni milisekunde. Sekunde tatu ni milisekunde elfu tatu. Nikaandika 3000. Nikabonyeza.

Mlango ukafunguka. Ukasubiri. Ukasubiri tena. Nikanywa maji. Nikafunga kamba za viatu. Ukafunga baada ya nusu dakika!

Nikajua mara moja: joto. Nikaleta feni nikaielekeza kwenye mashine. Nusu dakika. Nikasogeza feni. Nusu dakika ile ile, na karatasi zangu zote zikapeperuka hadi ngazini.

Bi Chanzo akaniokotea karatasi. Akasema, bila kuulizwa, kwamba ile namba si milisekunde, ni mapigo. Mashine ina pigo lake la ndani, mapigo mia kwa sekunde, na amri ya kusubiri inahesabu mapigo. Ukurasa wa 61 unadanganya tangu siku ulipoandikwa. Nikamwonyesha kwamba mwongozo una faharasa nyuma, yenye herufi zote kwa mpangilio. Kitu chenye faharasa kinadanganyaje? Akanitazama kama mtu anayetazama mvua, akarudi kwenye karanga zake.

Nikatafakari. Kama Bosi atahesabu na uongo uliogunduliwa, mimi nina sifuri. Lazima nipate wangu. Mchana kutwa nimepekua mwongozo nikitafuta sentensi zenye sura ya kutia shaka. Nimepata nne. Sikuzijaribu, sura ilitosha. Nikaziandika kwenye Daftari kwa kalamu ya kijani, sahihi nne.

Kufika saa kumi Bi Chanzo alikuwa amezijaribu zote nne. Zote ni kweli. Mwongozo uliodanganya mara thelathini na sita umesema kweli mara nne mfululizo, ili kunikomoa tu. Amezifuta kwa rula.

Jumatano, 5 Machi

Kichwa kinaniwanga. Sielewi chochote na naandika ili nielewe.

Ukurasa wa 88. Kuna amri ya kuomba nafasi kwenye kumbukumbu ya mashine. Mwongozo unasema: "Amri hii hailali kamwe." Kulala, kwa lugha ya kiini, ni amri kusimama ikingoja kitu, na mashine ikaenda kushughulikia mengine. Kuna sehemu ambazo ni marufuku kulala. Mtu akibonyeza kitufe cha lifti, kwa mfano, shughuli yake imalizwe pale pale. Ukilala hapo, kila kitu kinaganda.

Nikaiweka amri isiyolala kwenye kitufe. Nikabonyeza. Kila kitu kikaganda. Taa, skrini, mlango, hata kile kikengele cha ajabu kilichokuwa kinalia bila sababu tangu mwaka jana.

Bosi akatoka ofisini kwake. Bosi hajui programu hata mstari mmoja. Amekuwa fundi wa lifti miaka thelathini, wa spana na grisi. Akabandika sikio kwenye kabati la chuma. Akasikiliza. Akasema, "Hii imelala."

Nikamwonyesha ukurasa wa 88. Nikamsomea kwa sauti: hailali kamwe. Akabandika sikio tena. Akasema basi karatasi haijalala, lakini hii imelala.

Bi Chanzo akafungua msimbo. Kweli, ndani kabisa, mstari wa mia mbili na kitu, amri ile kumbukumbu ikiwa finyu inalala. Mwandishi mwenyewe ameacha maneno pembeni: "samahani, nitarekebisha." Tarehe yake ni ya miaka kumi na moja iliyopita. Uongo wa thelathini na nane, sahihi ya Bi Chanzo. Mimi ndiye niliyeganda, yeye ndiye aliyeandikiwa!

Wakati wa chakula cha jioni nimemwuliza mke wangu: kitu kinachosema hakilali kinawezaje kulala? Akajibu hata mimi kila siku nasema silali kwenye kochi, napumzisha macho tu. Hakunisaidia. Akaongeza kwamba mama yake ameuliza nina watu wangapi chini yangu. Nikajifanya nimepaliwa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeamka na wazo! Wazo zuri mpaka nikacheka nikiwa napiga mswaki, dawa ikaruka kwenye kioo.

Kwa nini nihangaike kuutafuta uongo wa mwongozo? Nitaufanya mwongozo useme kweli! Maktaba si msahafu. Ni faili. Nikiibadilisha amri ya kusubiri ndani ya maktaba yenyewe, ihesabu milisekunde kama ukurasa wa 61 unavyosema, basi ukurasa wa 61 umekuwa kweli, programu yangu ya mlango imekuwa sahihi, na Bi Chanzo amekuwa mchonganishi.

Nikafika kazini saa moja kasoro, kabla ya watu. Mistari miwili tu. Nikabonyeza mlango: sekunde tatu. Nikaubusu mwongozo.

Saa mbili na nusu Bi Chanzo akaiwasha lifti nzima.

Sikujua. Nasema kweli, sikujua. Kumbe kila programu nyingine kwenye lifti ile iliandikwa na mtu anayeujua uongo! Yeye na waliomtangulia miaka yote wameandika wakihesabu mapigo. Mota ilitakiwa ingoje mapigo hamsini, yaani nusu sekunde, kabla ya kugeuza mwendo. Sasa ikangoja milisekunde hamsini. Lifti ikapanda, ikashuka, ikapanda, kama mtu aliyekanyaga makaa. Kitufe kimoja kikihesabiwa mara tano. Taa zikipepesa. Kiti tunachokitumia kama abiria kikarushwa nje, kikavunjika mguu.

Bi Chanzo akashika kichwa. Nami nikashika changu, kwa mshikamano. Kutwa nzima nimemsaidia kutafuta. Nilipendekeza tuangalie nyaya. Nilipendekeza tuangalie soketi. Nilipendekeza panya. Kila alipokaribia faili la kusubiri nilimwita upesi aje aone kitu upande wa pili. Alikosa chakula cha mchana. Hapo roho iliniuma, siwezi kuficha, nikamnunulia karanga.

Saa kumi, alipokwenda kunawa uso, nikairudisha mistari miwili ilivyokuwa. Lifti ikatulia. Nikapiga kelele kwamba imepona yenyewe! Bi Chanzo akasimama mlangoni, uso unachuruzika maji. Akasema vitu havijiponi, kaka. Akasema polepole sana. Kisha akaanza kula zile karanga huku ananitazama, moja moja.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata usingizi mzuri na wazo bora zaidi. Kosa la jana lilikuwa upande. Nilitaka kuifanya maktaba iutii mwongozo. Ukiwa na viatu vidogo hukati miguu. Unabadilisha viatu. Nitaubadilisha mwongozo!

Nikachapa ukurasa mpya wa 61. Herufi zile zile, ukubwa ule ule. Palipokuwa na milisekunde nikaweka mapigo. Nikaukata wa zamani kwa wembe, nikaubandika mpya kwa gundi. Hutambui, isipokuwa ukiugusa, maana umekuwa mgumu kidogo na unanukia.

Kisha nikaifungua programu yangu ya mlango. Nikafuta 3000, nikaandika 300. Mapigo mia tatu. Nikabonyeza: sekunde tatu kamili! Nikabonyeza mara kumi, nikipima kwa saa ya mkononi. Kamili, kamili, kamili. Hakuna kilichovunjika, hakuna kilichoruka. Mimi si mjinga. Mimi ni mtu anayechelewa kufika tu.

Sasa, kwa desturi, kazi ikikamilika unaiweka kwenye ghala la pamoja, ambako wote tunaona programu za wote. Sikuiweka. Mtu mwenye akili haaniki nguo zake mbele ya mwizi. Huko ghalani nimeacha ile ya zamani yenye 3000, kama chambo. Hii ya kweli imebaki kwenye kompyuta yangu mpaka Jumanne, dakika ya mwisho. Kwenye mashine nimerudisha ile ya nusu dakika. Bi Chanzo akipita ataona bado nahangaika. Nimeinamisha hata mabega, kukamilisha picha.

Nimempitia Bosi nikamwambia mwongozo sasa ni mzima. Akasema vizuri. Akauliza ulikuwa unaumwa?

Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe amewasili saa nne asubuhi. Mabegi matatu na mkoba mmoja mkubwa wa ngozi ambao haupi mtu ashike. Alikuwa muuguzi mkuu wa wodi miaka ishirini na saba. Anakaa wima. Macho yake yanapima homa.

Amenipongeza kwa mikono miwili. Akasema amesikia na amefurahi, kwamba alikuwa na wasiwasi na mimi, lakini Mungu hamtupi mja wake. Mke wangu alikuwa pembeni anatabasamu kwa namna ambayo sijaiona tangu tuoane. Nikataka kusema ukweli. Kweli kabisa, neno lilifika kooni. Lakini lile tabasamu! Nikameza.

Mama akauliza nina watu wangapi chini yangu. Nikasema inategemea. Akauliza inategemea nini. Nikasema inategemea siku. Akauliza siku ya Jumanne ni wangapi, maana Jumanne angependa kuja kuona ninapofanyia kazi, mke wangu amemwambia kuna wageni wakubwa. Nikasikia sauti yangu mwenyewe inasema karibu sana mama, bila wewe shughuli haitanoga.

Ni sauti ya nani ile? Sielewi inakotokea.

Lakini nikijituliza naona hakuna tatizo. Mlango unafanya kazi. Jumanne mlango utafunguka, utangoja, utafunga, Bosi atanitangaza, na mama atadhani ni kukumbushia tu. Hatajua kwamba mpaka dakika ile sikuwa.

Jumatatu, 10 Machi

Mambo ya ajabu yametokea. Nimeguswa.

Nimefika nikakuta kwenye Daftari la Uongo maneno mapya, mwandiko wa Bi Chanzo, tarehe ya Jumamosi: "Uk. 61. Imerekebishwa. Mwongozo sasa unasema kweli."

Nikayasoma mara tatu. Ameuona ukurasa wangu! Ameugusa, amenusa gundi, na badala ya kunishtaki ameniandikia ushahidi. Kwa sahihi yake! Nikaona nimemfikiria vibaya mwanamke huyu. Ana moyo.

Akaja mezani kwangu. Akasema alikuja Jumamosi kutwa, peke yake, kwa sababu ya yale ya Alhamisi. Anataka kunieleza kuhusu ile amri ya kusubiri. Nikainua mkono. Nikamwambia dada, hakuna haja. Nimeona ulichoandika. Ahsante. Tusirudie ya Alhamisi, yaliyopita si ndwele. Akashangaa kidogo. Akasema sawa, ila nijue tu kwamba mlango wangu ulioko ghalani sasa hivi uko vizuri, nisiuguse. Nikacheka moyoni. Wa ghalani! Ule wa nusu dakika! Basi chambo kimenasa mtu, anadhani ule ndio wenyewe. Hata mwenye moyo mzuri anaweza asijue mlango.

Akauliza kama nimejaribu leo. Nikamwambia nilijaribu Ijumaa mara kumi, na mlango si maziwa, haugandi kwa siku mbili. Akaenda.

Saa zilizobaki nimeandika hotuba ya shukrani. Nimemtaja Bi Chanzo katika aya ya nne, kwa wema. Nimechapa pia kibao kidogo cha kubandika kwenye meza: MKUU WA KITENGO. Kiko kwenye droo. Gundi ilibaki.

Jumanne, 11 Machi

Wenye jengo walikuja watatu, suti na kofia za ujenzi. Mama mkwe alikuja na mke wangu, mkoba wake wa ngozi begani. Nikawapokea mimi. Bosi alikuwa bado anafunga tai. Dakika tano kabla, nikaipakia programu yangu kwenye mashine: ile yenye 300, ile ya siri. Sikuijaribu. Mara kumi Ijumaa! Mtu anajaribu mara ngapi?

Nikatoa maelezo. Nilikuwa mzuri. Nikainua mwongozo ili waone unene wake. Nikasema kwenye kazi hii kila tunachofanya kimeandikwa, na kila kilichoandikwa tunakifanya. Mama akaitikia kwa kichwa. Nikamwomba awe abiria wa kwanza. Nikabonyeza.

Mlango ukafunguka. Mama akatanguliza mkoba. Mlango ukafunga, pa! Haukungoja sekunde tatu. Haukungoja hata moja. Ukauma mkoba. Kile kijicho kinachoona kitu mlangoni kikaona, ukafunguka, ukafunga, pa! Ukafunguka. Pa! Mama akivuta, mlango ukitafuna. Vidonge, miwani, leso, picha yetu ya harusi, vyote vikamwagika miguuni pa wenye jengo. Mmoja akavua kofia yake, sijui kwa nini.

Nikafungua mwongozo pale pale, mbele ya wote. Ukurasa wa 61: mapigo! Nimeandika mia tatu, mapigo mia tatu ni sekunde tatu. Kwa hiyo mimi niko sahihi! Nikawasomea. Nikasema mlango ndio unaokosea. Nikajaribu kumwonyesha mlango ukurasa.

Bi Chanzo akazima mashine. Akauliza, kwa upole, nimeandika namba gani. Nikasema mia tatu. Akafumba macho. Ndipo akaeleza. Jumamosi ameibadilisha maktaba yenyewe: sasa inahesabu milisekunde, kama mwongozo ulivyosema siku zote. Na hakuishia hapo kama mtu fulani wa Alhamisi. Amepitia programu zote za lifti, sehemu arobaini na tatu, akarekebisha namba moja moja. Mlango wangu hakuugusa. Alikuta ghalani una 3000, akaona hiyo imeshakuwa sahihi.

Kwa hiyo Ijumaa mimi niliubadilisha mwongozo ufanane na maktaba. Jumamosi yeye akaibadilisha maktaba ifanane na mwongozo. Tumepishana njiani! Mpaka sasa nikifikiria nazunguka. Kama sote tungekaa tu, kungekuwa na uongo mmoja. Tumefanya kazi kwa bidii na uongo uko palepale, umegeuka upande.

Akaongeza sifuri moja. Akabonyeza. Mlango ukafunguka, ukangoja sekunde tatu, ukafunga kwa adabu. Wenye jengo wakapiga makofi. Bosi akabandika sikio, akasikiliza, akatabasamu. Akasema pale pale, kwa sauti, kwamba ofisi ilikuwa haina mkuu wa kitengo na leo imepata: Bi Chanzo.

Ilikuwa haina. Alisema hivyo. Mke wangu alikuwa amepiga magoti anaokota vidonge. Akaacha kuokota.

Mama mkwe akaniuliza, bila ukali, "Na wewe, mwanangu, ni nani hapa?" Mwongozo ulikuwa mkononi, haukusaidia. Mama akafuta miwani yake, akasema wodini kwake muuguzi alikuwa haandiki "mgonjwa amepewa dawa" mpaka amwone amemeza.

Tumerudi nyumbani watatu. Jikoni mke wangu akasema hakuhitaji mume mwenye cheo. Alikuwa ameshawaambia watu ishirini kwa sababu alijivunia mimi, na leo amejua ukweli pamoja na wageni wenye kofia. Nikamwomba msamaha. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona, na nimeahidi: kuanzia leo sitasema kitu kabla hakijawa.

Jumatano, 12 Machi

Bi Chanzo ameniita. Nilidhani ananifukuza. Nilikuwa nimeshakusanya kalamu zangu. Kumbe! Akasema mwongozo umetutesa vya kutosha, sasa tutaandika wetu, na hakuna anayejua maumivu yake kuliko mimi. Amenipa mimi! Kurasa 412, kila amri. Sharti moja: nisiandike sentensi kabla sijaijaribu kwenye mashine na kuona kwa macho. Akanipa karanga. Machozi yalinilenga.

Nikaanza na ukurasa wa 61, kwa heshima. Kujaribu amri moja ipasavyo kumenichukua saa mbili na nusu. Nikapiga hesabu. Kwa mwendo huo nitamaliza mwakani, nikiwa na bahati.

Lakini ukweli ni kwamba amri hizi nazijua. Nimeishi nazo. Nikifumba macho naziona. Mtu akijua kitu, kukijaribu ni kama kumwuliza mkeo jina lake. Nikaandika moja bila kujaribu, kuona tu inakuwaje. Ikasomeka vizuri. Nikaandika ya pili. Kufika saa saba nilikuwa na kurasa arobaini! Ni za muda tu. Nitazijaribu zote kwa pamoja, mwishoni.

Nimempigia mke wangu simu, nikamwambia mimi sasa ndiye mwandishi mkuu wa mwongozo. Akauliza ni kweli au nimesema tu. Nikamwambia kweli, mwulize mkuu wangu! Nikasikia kwa mbali mama mkwe anauliza kitabu chenyewe kitatoka lini, maana ameamua kukaa wiki moja zaidi. Nikasema kimeshakamilika, bado kutia jalada.

Sasa nimeufungua ukurasa wa kwanza kabisa, ulio mtupu, unaohitaji maneno ya kumpa msomaji imani. Nimefikiri kidogo. Nikaandika kwa herufi kubwa, katikati: KILA NENO HUMU LIMEJARIBIWA.

Limependeza sana. Kesho, nikipata nafasi, nitaanza kujaribu.